Kazi ya Sebuleni

Ruthu aliporudi kutoka Ulaya na masanduku yake mawili, Ihumwa nzima, pale pembeni mwa Dodoma, ilijua kabla dereva hajazima gari. Mama yake, Mwalimu Restuta, alichinja jogoo aliyekuwa akimtunzia Krismasi. Majirani walikuja kumsalimia mgeni, na waliokwisha kumsalimia wakarudi kumsalimia tena, maana pilau lilikuwa bado lipo. Ilikuwa raha tupu, ikadumu mpaka Jumatatu.

Jumatatu asubuhi Mwalimu alitoka shambani kwake nyuma ya nyumba, kwenye mizabibu, mkasi wa kupogolea ukiwa mkononi na jasho likimtiririka. Akamkuta binti yake amekaa kwenye meza ya sebuleni. Juu alikuwa amevaa blauzi ya ofisini iliyopigwa pasi ikanyooka, chini amejifunga kitenge cha kulalia, na masikioni amevaa hedifoni. Alikuwa anaongea Kiingereza na kompyuta.

"Ruthu, hebu niletee maji ya kunywa."

Ruthu akainua kidole kimoja, wala hakugeuka.

Kidole! Mwalimu alikuwa amefundisha shule ya msingi mpaka akastaafu, na kwa miaka yote hiyo kidole kilikuwa kinainuliwa na mtu anayeomba ruhusa ya kusema. Hakuwahi kuona kinainuliwa kumwambia mwalimu asubiri. Alijichotea maji mwenyewe, akayanywa amesimama palepale mlangoni ili aonekane vizuri anavyojihudumia. Hakuonekana na mtu.

Jioni Ruthu alimweleza. Ile visa yake ya kazi ilikuwa imefungamana na kampuni iliyomwajiri kule kule Ulaya, katika mji ambao Mwalimu hajawahi kulitamka jina lake mara mbili kwa namna moja. Kampuni ikafunga ofisi, na visa nayo ikaishia hapo. Lakini Ruthu hakukaa bure. Alipata kazi kwenye kampuni ya Afrika Kusini inayotengeneza mfumo ambao wagonjwa wa huko hupangia miadi na daktari kwa simu. Kazi yenyewe anaifanya popote alipo, mradi kuna mtandao. Na kwa watu wa namna hiyo nchi ile ya Ulaya ina visa nyingine.

"Inaitwa visa ya wahamaji wa kidijitali, mama. Wanakwambia njoo ukae kwetu, upange nyumba zetu, ununue mkate wetu, ila mshahara wako utoke nje. Na hii lazima niiombe nikiwa nyumbani."

"Kwa hiyo wewe sasa ni mhamaji."

"Ndiyo, mama."

"Na tangu asubuhi hujahama hata hicho kiti."

Ruthu akacheka mpaka akafuta machozi. Alikuwa na maisha kule, tusidanganyane: nyumba ndogo yenye roshani, marafiki, kwaya aliyoimba Jumapili, na mtu mmoja ambaye habari zake mama alipewa kwa kijiko kidogo. Vyote hivyo vilikuwa vinamsubiri, na ubalozi ndio ulioshika ufunguo. Mwalimu aliyasikia yote hayo akaitikia kwa kichwa. Lakini ndani kabisa, mahali ambapo mtu hajionyeshi hata mwenyewe, alikuwa anajiuliza kuna ubaya gani ubalozi ukikataa.

Wiki zikaanza kwenda, na Mwalimu akaanza kupata tabu na majirani, hasa Mama Octavian wa ng'ambo ya ua. Mama Octavian alikuwa mwanamke mwema sana, mwenye udhaifu mmoja tu, nao ni kuuliza.

"Mbukwenyi, mwalimu!" alimwamkia kwa Kigogo.

"Mbukwenyi, Mama Octavian."

"Ruthu bado yuko likizo?"

"Hayuko likizo. Yuko kazini."

"Eeh, hongera! Kazini wapi?"

"Sebuleni."

Mama Octavian hakucheka. Angecheka ingekuwa nafuu. Aliguna kwa huruma, ule mguno wa kwenye vitanda vya wagonjwa, akasema Mungu ni mwema, kazi itapatikana tu. Siku ya pili yake akaleta ungo wa karanga. Mwalimu Restuta, ambaye binti yake alipoondoka alisindikizwa na kwaya mbili, analetewa karanga za pole! Alizila kwa hasira na hazikumshuka vizuri.

Akachukua hatua. Mwalimu alikuwa na utajiri ambao haukuonekana kwa macho: wanafunzi. Dodoma hii, ukimtaja karani, fundi, polisi wa usalama barabarani au muuza mbolea, huenda alishawahi kusimamishwa na Mwalimu Restuta mbele ya darasa kwa kuchelewa. Na hakuna aliyepona. Wanaume wenye vitambi wakimwona sokoni huchomekea mashati.

Alichagua Alnashir Kassamali, mwenye duka kubwa la vifaa vya ujenzi mjini. Alipoingia, Alnashir alikuwa amekalia kiti cha kuzunguka, akinywa chai na mkewe Hina. Alisimama upesi nusura kikombe kimponyoke.

"Shikamoo, mwalimu!"

"Marahaba, Alnashir. Unajua kwa nini nimekuja?"

"Sijui, mwalimu. Sijafanya kitu."

Hina akageuka pembeni kuficha kicheko. Mwalimu akaeleza kwamba Ruthu ni bingwa wa kompyuta, kwamba duka kubwa namna hii haliwezi kuendeshwa kwa kubahatisha, na kwamba Ruthu ataanza Jumatatu ijayo, kazi ya kudumu. Alnashir akasema ndiyo mwalimu. Halafu akakumbuka kuuliza kama Ruthu mwenyewe anataka.

"Kwani nimekuuliza wewe kama unataka?"

"Hapana, mwalimu."

Mambo ya kazi yalipoisha wakanywa chai pamoja. Hina akalalamika kuhusu wifi yake, Parvin, aliyehamia Kanada: watoto wake hawajui Kiswahili hata cha kuombea maji, na wakiongea na bibi yao kwenye simu wanapungiana mikono tu, kama watu waliopishana kwenye treni. Mwalimu akasikitika kwa dhati, maana mtoto asiyefundishwa lilikuwa jambo la kumkosesha usingizi. Kisha akaondoka, moyo mweupe.

Hakumwambia Ruthu. Alitaka iwe zawadi ya ghafla.

Jumatano mchana, Ruthu akiwa kwenye kikao chake na Afrika Kusini, simu ya Mwalimu ikalia. Sauti ya kijana mwenye adabu ikamwambia shikamoo mama, jina langu Stanley, nipo ubalozini, Dar es Salaam. Ruthu aliandika kwamba anakaa kwako. Tunahakikisha tu, kabla ya mahojiano ya Ijumaa. Ni kweli anakaa hapo?

"Ni kweli kabisa."

"Na anajishughulisha na nini, mama?"

Hapo sasa. Mwalimu alimtazama binti yake na kitenge chake cha kulalia. Akazikumbuka karanga. Akakumbuka pia kila ofisi aliyowahi kuingia maishani mwake, kuanzia benki mpaka idara ya maji, na swali lao lilikuwa lilelile: una kazi ya kudumu? Mwenye kazi ya kudumu hupewa kiti na mkopo. Asiye nayo huambiwa arudi kesho. Kwa hiyo alipofungua kinywa alikuwa na hakika anamwokoa mtoto.

"Baba, usiwe na wasiwasi. Ruthu si mtu wa mtaani. Ameshapata kazi ya maana hapa hapa Dodoma, duka kubwa la Kassamali, anaanza Jumatatu."

"Kazi ya kudumu, mama?"

"Ya kudumu kabisa! Hiyo ya kompyuta ni ya kupotezea muda tu."

"Sawa, mama. Nashukuru sana," Stanley akasema taratibu, na simu ikakatika.

Ruthu alipovua hedifoni, mama yake alimsimulia yote kwa furaha, kuanzia duka la Alnashir mpaka simu ya ubalozini. Alisimulia akitabasamu mpaka alipoona uso wa Ruthu.

"Mama," Ruthu alisema. "Visa yenyewe ni kwa sababu ya hiyo kazi ya kompyuta. Ndiyo kitu pekee wanachokitaka. Nikiwa nimeajiriwa na mtu wa hapa, na ya kompyuta ni ya kupotezea muda, basi mimi ni mwongo, na hawampi visa mwongo."

"Lakini kazi ya kudumu..."

"Mama, wao wanataka ile inayohamishika."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alijaribu kumpigia Stanley, akaambiwa kwa upole kwamba jibu lake atalitoa Ijumaa kwenye mahojiano. Akafunga kompyuta na kwenda kuosha vyombo.

Alhamisi ikawa siku ya ajabu katika nyumba ile. Ruthu aliomba ruhusa kazini. Mwalimu alisema maji, yakaletwa kabla hajamaliza neno. Kuku walipoingia kwenye mizabibu walifukuzwa. Maharage yaliiva vizuri yakaepuliwa kwa wakati wake. Binti alisema ndiyo mama, sawa mama, tayari mama, na uso wake ulikuwa mtupu. Alimtengenezea mama yake chai ya tangawizi, akakaa mkono shavuni akilitazama dirisha.

Mwalimu aliinywa ile chai, na kila alivyoinywa ilizidi kuwa chungu. Hiki ndicho alichokuwa anakitaka, asijidanganye. Mtoto yupo nyumbani, anaitika, haendi popote. Alikuwa amekipata, na hakukipenda. Yule wa kidole alimkera kila siku ya Mungu, lakini alikuwa hai. Mwalimu aliona haya, na haya hiyo haikuwa ya Mama Octavian wala ya karanga.

Ijumaa saa nne asubuhi Ruthu alikaa mezani, blauzi imenyooka. Mama aliombwa abaki jikoni, na alibaki jikoni kwa namna yake, yaani sikio moja lilikuwa sebuleni. Kwenye kioo cha kompyuta alionekana mama mmoja wa Kizungu mwenye miwani, afisa wa visa, na pembeni yake Stanley, kijana mnene mwenye tai. Maswali ya mwanzo yalikwenda vizuri. Kisha Mzungu akasema kitu kirefu, na Mwalimu akalisikia jina la Kassamali likipita katikati ya Kiingereza.

Ruthu alijibu kwamba kazi hiyo haipo. Akaulizwa, kwa hiyo mama yako alisema uongo? Ruthu alikuwa na njia moja ya kujiokoa, nayo ni kusema ndiyo, na hakuisema.

Mwalimu akatoka jikoni, mwiko mkononi.

"Sogea," alimwambia Ruthu, akavuta kiti akakaa mbele ya kompyuta.

"Shikamoo mama," akasema Stanley. "Samahani, rudi nyuma kidogo, tunaona paji la uso tu."

Mwalimu akarudi nyuma. "Marahaba. Mtafsirie huyo mama maneno yangu, usipunguze. Kazi ya Kassamali niliitafuta mimi. Alnashir ni mwanafunzi wangu, nilimwamuru. Ruthu hakuulizwa wala hakukubali, na dukani kwenyewe hajafika. Kuhusu ile ya kompyuta, nilikuambia ni ya kupotezea muda. Nilikosea."

Ruthu akageuka kumtazama. Neno hilo hakuwahi kulisikia kinywani mwa mama yake, hata siku ile alipomvisha sare ya shule iliyokuwa ya mtoto wa jirani.

Mzungu akaongea, Stanley akafasiri. "Anauliza, kwa nini umtafutie kazi mtu ambaye anayo?"

"Kwa sababu nilikuwa naona aibu. Na kwa sababu nilitaka abaki." Akauhamishia mwiko mkono wa pili. "Na sikuamini kama ni kazi."

"Sasa unaamini? Anataka kujua umeona nini."

"Nimeona nini? Bwana Stanley, una muda?" Mwalimu akauweka mwiko juu ya meza. Yale yote aliyoyameza tangu Jumatatu ile ya kwanza yakapanda kwa pamoja. "Huyu mtoto tangu aje, mchana hanifai kwa lolote! Namwomba maji, ananiinulia kidole. Maharage yanaungua mpaka jirani anakohoa, na yeye yupo hapa hapa na pua zake. Kuku wanakula zabibu zangu anawatazama dirishani, hainuki. Shangazi yake ametoka Kibakwe kuja kumwona, njia ile yote ya milimani, akakaa kwenye hilo kochi akaonyeshwa kidole mpaka chai ikapoa. Kamati ya harusi ya hapo jirani wamempa uweka hazina, kikao hajakijua. Umeme ukikatika ndiyo usiseme: anabeba kompyuta anakimbia nayo Chimwaga kwa rafiki yake chuoni, utadhani nyumba inaungua, na mimi mama yake simo katika vitu vinavyookolewa!"

Stanley alikuwa anatafsiri kwa kasi, tai imekwenda upande.

"Juzijuzi nimeita chakula. Haji. Naita tena, ananiambia, mama, kuna mgonjwa anabonyeza kitufe hapati daktari. Nikamuuliza, ni ndugu yako? Akasema hapana, lakini atakuwa anaumwa. Hakula mpaka kile kitufe kikafanya kazi, na ugali umeganda." Akapumua. Alikuwa amejisikia mwenyewe, na aliyoyasikia yalimshangaza. Akaendelea kwa sauti ya chini. "Watu wasio na kazi nawajua, baba. Mtu asiye na kazi ukimwita kula anakuja."

Stanley alipomaliza kutafsiri, Mzungu alivua miwani akaipangusa, na mabega yake yalikuwa yanatikisika. Akauliza swali moja zaidi: kwa hiyo, mama, ukiulizwa tena binti yako anafanya nini, utajibu nini?

"Nitasema yuko kazini."

"Wapi?"

"Popote alipo," akasema Mwalimu, na macho yakamlengalenga. "Hapa, au huko kwenu."

Ruthu alimshika mama yake mkono chini ya meza, penye kitenge, mahali ambapo ubalozi hauoni. Sekunde ileile harufu ikawafikia.

"Mama, maharage!"

Hakuna aliyeinuka.

Jibu halikuchelewa sana, na lilikuwa la ndiyo. Mwalimu alimsindikiza Ruthu kupanda treni ya kwenda Dar es Salaam na akalia pale stesheni mbele za watu, kilio cha haja, bila kujifunika. Treni ilipoondoka alifuta uso akaenda moja kwa moja dukani kwa Alnashir kumtaka radhi, kwa sababu alikuwa amemwahidi mfanyakazi na mfanyakazi amekwenda zake.

"Usijali, mwalimu," akasema Alnashir, naye hakuficha furaha yake. Akamtazama Hina. Hina akamtazama Mwalimu. "Ila kuna ile habari ya watoto wa Parvin."

Ndiyo maana leo, ukipita Ihumwa siku ya Jumamosi jioni, utamkuta Mwalimu Restuta kwenye meza ya sebuleni. Juu amevaa blauzi yake ya kufundishia, na chini amejifunga kitenge cha kulalia. Simu imeegemezwa kwenye kopo la sukari, na ndani yake watoto wawili wa Kanada, nywele bado hazijachanwa maana kwao ndiyo kwanza kunakucha, wamekaa wima mno kwa watoto wa kizazi hiki.

"Tena. Bibi, naomba maji."

"Bibi, naomba maji."

Jumamosi moja jina la Ruthu lilitokea juu ya kioo, akipiga. Alikuwa amejihurumia siku nzima kwa upweke na mvua, kama alivyosema baadaye, na alitaka tu kuiona sura ya mama. Mwalimu aliliona jina, na moyo ukamruka, maana hakuna siku aliyoacha kumkumbuka. Akakibonyeza kile kitufe cha kukataa, akaandika kwa kidole kimoja: niko kazini mwanangu, nitakupigia nikimaliza. Kisha akawarudia watoto.

Mama Octavian akachungulia juu ya ua, mkono puani.

"Mwalimu! Mwalimu wee! Huko jikoni kuna kitu kinaungua!"

Mwalimu akainua kidole kimoja, wala hakugeuka.